Mkono wa Asmahani

Asali haina adabu. Uifungie kwenye ndoo, ukaze mfuniko, ufunge na kamba juu yake, bado itatafuta pa kutokea. Na ikitoka haiulizi inamwangukia nani. Twalibu alilijua hilo miaka mingi, maana riziki yake ilikuwa kununua asali kwa warina wa Usoke na Urambo na kuja kuiuza sokoni Tabora. Lakini siku ile treni ya Kigoma ilikuwa imechelewa, stesheni imefurika, wachukuzi wanapigana vikumbo na mama muuza karanga anapita na sinia lake kichwani. Twalibu, badala ya kungoja watu wapungue, akajitwika ndoo begani akajipenyeza katikati yao.

Mfuniko ukafyatuka. Asali ikamshukia binti mmoja aliyevaa dera la zambarau na mtandio wa rangi ya maziwa, ikamtiririka kuanzia begani mpaka kiunoni.

"Subhanallah!" binti akaruka. "Kaka, umeniona mimi mkate?"

"Nisamehe, dada yangu. Huu mfuniko..."

"Usimsingizie mfuniko. Mfuniko ndio ulijipandisha begani?"

Watu wakacheka. Twalibu akatoa leso, akampa ajifute, na kama ujuavyo, leso haifuti asali, inaitembeza tu. Nyuki wawili wakatokea kusikojulikana wakaanza kumzunguka binti wa watu.

"Na hawa nao umekuja nao kwenye treni?"

"Hao wameona ua," Twalibu akasema, na papo hapo akaona haya, kwa kuwa hakuwa mtu wa maneno hayo.

Binti alimtazama kwa jicho la kukaripia, lakini pembe za midomo zilikuwa zinamsaliti. Akaipokea chupa ya asali aliyopewa kama fidia, akajifunika mtandio juu ya doa, akaondoka bila kutaja jina. Twalibu alisimama na ndoo yake nusu tupu, na kwa mara ya kwanza katika biashara ile hakuisikitikia hasara.

Twalibu aliishi Chemchem na mama yake, Bi Tatu, na binti yake Shamila aliyekuwa anakaribia miaka minne. Yeye na mama Shamila waliachana kwa heri. Mwenzake alikwisha olewa Kahama, na mtoto akabaki kwa bibi. Sasa miguu ya Bi Tatu ilianza kumsumbua, na Shamila alikuwa mtoto wa kukimbizwa uwanja mzima. Ikabidi apelekwe kwenye kituo cha kulelea watoto cha Bi Zuwena, mtaa wa pili.

Asubuhi ya kwanza Twalibu aliwakuta wazazi wamepanga foleni getini. Kila mtoto alifika, akainamisha kichwa, akasema, "Shikamoo mwalimu." Mwalimu akamwekea mgongo wa mkono kwenye paji la uso, kisha shingoni, ndipo akaitika, "Marahaba, ingia." Hayo ndiyo yalikuwa mapokezi, na hayo ndiyo yalikuwa mapimo. Mkono ukikawia, na marahaba ikakawia, mzazi alijua siku imeharibika: "Marahaba. Huyu rudi naye nyumbani."

Zamu ya Shamila ikafika. Twalibu akainua macho.

"Dera lilitakata?" akauliza.

Mwalimu akatabasamu waziwazi. "Dera limetakata. Sisimizi ndio wamekataa kuhama kabatini." Kisha akamgusa Shamila. "Marahaba, mama. Baba yako ana mikono ya siagi, unajua?"

Jina lake lilikuwa Asmahani, binti wa Mzee Abdulatifu fundi cherehani. Twalibu alianza kupiga simu kila jioni akiwa safarini, na mwanzoni sababu ilikuwa ya halali kabisa.

"Shamila amekula, mwalimu?"

"Amekula, akaomba tena."

"Amelala mchana?"

"Amelala."

"Na mwalimu wake je?"

"Mwalimu wake hayumo kwenye malezi unayolipia, baba Shamila."

"Namuulizia bure."

Akacheka, kicheko cha kuziba mdomo kwa kiganja, na Twalibu akiwa amekaa juu ya gunia mahali fulani Urambo akajiona ndiye mwanamume mwenye bahati kuliko wote walioko upande huu wa reli. Baada ya mwezi "mwalimu" alikuwa "Asma". Asma alipomtania kwamba mtu mzima anahangaika na ndoo za asali kama punda, Twalibu alimjibu, "Sisi babu zetu walibeba pembe kwa miguu kutoka Ujiji mpaka pwani. Ndoo itanishinda?" Asma akasema, "Hao babu zako hawakumwagia watoto wa watu."

Mapenzi yalikuwa yanaelekea kuzuri. Kilichoyakwaza ni paji la uso la Shamila.

Siku moja Twalibu yuko Urambo, bei imeshakubaliwa, ndoo zinapangwa, simu ikalia. "Twalibu, mwanao ana joto. Njoo umchukue." Akauacha mzigo kwa ahadi ya kurudi, akarukia gari la kwanza. Alipofika Chemchem jioni, Shamila alikuwa uani anacheza, mwili umepoa kama mtungi. Aliporudi Urambo, asali ilikwisha nunuliwa na mwingine. Hakumwambia Asma neno. Alimeza, na jambo la kumezwa huwa halishuki lote.

Ndipo ikaja ile asubuhi. Mzee Deus wa Usoke, mrina aliyekuwa na asali safi kuliko wote, alikuwa amempelekea salamu: mizinga inafunguliwa kesho, anayewahi ndiye anayepata. Usiku huo Shamila akachemka. Twalibu akampa dawa ya maji ya kushusha homa, na alfajiri akampa tena. Kulipopambazuka mtoto alikuwa wa baridi, amelegea kidogo tu.

Bi Tatu alikuwa amekaa kitandani anajisugua magoti. "Mwambie mwalimu kama mtoto alikuwa na homa."

"Nikimwambia atamrudisha, mama."

"Basi arudishwe."

"Ni mafua tu. Na wewe miguu hiyo, utamkimbiza vipi zahanati?"

"Mimi nimesema," Bi Tatu akajibu, akageukia ukuta.

Getini Asmahani alikuwa amevaa baibui jeusi na mtandio wa kijani uliomkaa vizuri mno. Akaweka mkono. Akauacha kidogo, akahamia shingoni. "Marahaba. Mbona kama kachoka? Amelala vizuri?"

Hapo ndipo mahali ambapo Twalibu angeweza kusema. Neno lilikuwa mdomoni.

"Amelala fofofo," akasema.

Asmahani akamwamini. Hata hakumtazama mtoto mara ya pili. Alimtazama yeye, kwa macho ambayo wazazi wengine walijifanya hawayaoni. "Nenda salama. Niletee sega, usiniletee ndoo, naogopa."

Porini Usoke mtandao haufiki. Twalibu na Mzee Deus walisalimiana *mwangaluka* kwa Kinyamwezi, wakaingia msituni na moshi wao, wakarina mpaka jua likapinda. Sega zuri kuliko yote alilifunga mwenyewe kwenye jani la mgomba. Alipotokea barabarani na ndoo zake simu ikazinduka mfukoni, ikatetemeka bila kukoma. Asma. Asma. Kituo. Asma. Mama. Asma.

Akapiga. "Asma, nina sega lako hapa..."

"Uko wapi?"

Sauti ile hakuwahi kuisikia. "Usoke. Kuna nini?"

"Shamila yuko zahanati. Alishikwa na degedege mikononi mwangu. Njoo." Akakata.

Njia nzima Twalibu hakujua ndoo zake ziko wapi. Alijua tu kwamba kama mtoto yule atapatwa na baya, hakuna asali duniani itakayomrudishia utamu mdomoni.

Alimkuta Shamila hai, amelala mapajani kwa Asmahani, kipamba kimebandikwa kidoleni walipomtoa damu. Malaria. Mtandio wa kijani ulikuwa umetapikiwa, Asma ameukunja pembeni na kuazima kanga ya mtu. Nesi Veneranda, mama mtu mzima mwenye msalaba mdogo shingoni, alikuwa anapima joto.

"Wewe ndiye baba? Homa hii ilianza lini?"

"Leo, sista," Asmahani akadakia. "Nimeshakwambia, asubuhi alikuwa mzima, nilimgusa mwenyewe."

Twalibu akamtazama mwanawe. Akakohoa. "Ilianza jana jioni. Nilimpa dawa ya homa usiku. Na alfajiri."

Nesi akaweka kipimajoto mezani taratibu. "Na huyu dada nilimuuliza kama mtoto kapewa dawa yoyote, akasema hapana. Nikarudia kumuuliza, akaapa. Nami nikampa nyingine juu ya ile. Mungu amesaidia. Lakini siku nyingine, baba, utakuja kumzika mtoto kwa kuficha kijiko cha dawa."

Asmahani hakupiga kelele. Alimwinua Shamila polepole, akamlaza mikononi mwa baba yake, akajifunga ile kanga ya kuazima.

"Nilikusemea," alisema. "Kila nesi aliponiuliza nilimwambia, huyu baba namjua, jambo kama hilo asingenificha. Nilikusemea, Twalibu, na mtoto anatetemeka mikononi mwangu."

"Asma..."

"Baba Shamila, usiku mwema."

Sega lilibaki juu ya benchi, na sisimizi wakalipata.

Mtoto akapona, watoto huinuka upesi Mungu akipenda. Jina la Asmahani ndilo lililobaki kitandani. Jumatatu Twalibu alikwenda kituoni peke yake, akakuta getini amesimama Bi Zuwena mwenyewe, mwenye kituo, na wazazi wamekusanyika wananong'ona kwa sauti ya kusikika.

"Mwalimu gani anapokea mtoto wa degedege asijue?" alisema mama Katarina, mwenye mapacha. "Wanagusagusa tu pale, geresha."

"Ndiyo maana nimempumzisha kazi ya getini," Bi Zuwena akasema kwa unyonge. "Mpaka tuone."

Asmahani alikuwa ndani, anamenya viazi vya watoto, kichwa ameinamisha. Alikuwa anasikia kila kitu.

Twalibu alihisi masikio yanamwaka. Angeweza kungoja wazazi waondoke, amweleze Bi Zuwena faragha, kiungwana. Lakini uongo ule aliusema getini, mchana kweupe.

"Jamani," akasema, "mkono wa mwalimu haukukosea. Mimi ndiye niliyeudanganya. Nilimpa mtoto dawa ya homa usiku na alfajiri ili apite hapa. Mwalimu akaniuliza kalala vipi, nikamjibu kalala vizuri. Nilikuwa nawahi asali. Yeye ndiye aliyembeba mwanangu mpaka zahanati. Anayetaka kumsema mtu, mimi niko hapa."

Wazazi wawili watatu wakaanza kutazama viatu vyao. Na mimi nadhani hakuwa Twalibu peke yake aliyewahi kutumia kijiko kile.

Bi Zuwena akageuka. "Asmahani! Acha viazi. Rudi kwenye geti lako."

Akatoka akijifuta mikono. Alipompita Twalibu alisimama hatua moja tu. "Asante. Jina langu umelirudisha. Imani bado."

Zikapita wiki za ukiwa. Jioni Twalibu alipiga simu.

"Amekula?"

"Amekula."

"Na mwalimu..."

"Usiku mwema, baba Shamila."

Akaacha kuliuliza swali lile. Badala yake akaanza jambo jingine. Kila asubuhi, Shamila akishatoa shikamoo yake, kabla mkono haujatua, Twalibu alisema yote: "Usiku kakohoa kidogo. Uji hakumaliza. Dawa sikumpa." Siku nyingine: "Kalala vizuri, kaamka kuomba maji. Dawa sikumpa." Hata siku mtoto mzima kama kigongo, alisema. Wazazi wakamcheka, wakambatiza Taarifa ya Habari. Lakini kicheko kilipopoa, mama Katarina naye alisikika akisema, tena kwa sauti ndogo, "Huyu Kulwa jana alitapika mara moja, mwalimu. Nilimpa maji ya chumvi na sukari." Na baba mmoja akafuata. Geti likawa na maneno.

Asmahani alisikiliza yote, akaitika marahaba zake, uso haukusema kitu.

Hata asubuhi moja Twalibu akafika bila begi la safari. "Ana joto. Limeanza usiku wa manane. Sijampa kitu. Nilikuwa niende Usoke kwa Mzee Deus, siendi. Hatukuja kuingia, mwalimu. Nimekuja kukwambia tu, usije ukamngoja."

Akamshika mtoto mkono ageuke.

"Twalibu."

Ilikuwa mara ya kwanza tangu zahanati. Akageuka.

"Mama yako alinipitia juzi," Asmahani alisema, akiwa anamgusa Shamila shingoni. "Kaniambia siku ile nilipokuita kutoka Urambo mzigo wote ulichukuliwa. Mbona hukuniambia?"

"Ungesema najali asali kuliko mwanangu."

"Ningesema, kweli." Akavuta pumzi. "Siku ile watoto walikuwa wametoka juani, nikamgusa, nikaogopa, nikapiga simu. Sikungoja hata apoe. Wewe ulikosa kunificha, na mimi nilikosa kukutisha. Mzazi akiliogopa geti langu, lazima atafute njia ya kulizunguka."

"Si kisingizio, Asma."

"Sikusema ni kisingizio. Nasema ni ukweli, na wewe siku hizi ndiyo kazi yako." Midomo ikamsaliti kidogo, kama siku ile stesheni. "Mpeleke kwanza zahanati wampime. Kama si malaria, mlete, nitamtandikia mkeka kwenye kile chumba cha pembeni, nimtazame mwenyewe. Joto likipanda nitakupigia. Usiingie porini. Kaa mahali simu inashika."

Yalikuwa mafua. Twalibu akaenda Usoke, akakaa kando ya barabara mchana kutwa na simu mkononi, na Mzee Deus akamletea ndoo hapo hapo huku akimcheka. Jioni alipiga.

"Amekula?"

"Amekula. Joto limeshuka lenyewe."

Akanyamaza. Mwisho sauti ya Asma ikaja, ndogo: "Leo huulizi?"

Twalibu alifumba macho. "Na mwalimu wake je?"

"Hajala. Anangoja sega lake."

Msimu wa baridi ulipoingia, asubuhi moja Twalibu alifika getini amejifunga koti mpaka shingoni na jasho linamtoka. Shamila akainama, akapata marahaba yake, lakini badala ya kuingia akamvuta baba yake koti.

"Na baba atoe shikamoo. Baba wa moto."

Wazazi wakatulia kutazama. Twalibu, mtu mzima na ndevu zake, akainamisha kichwa. "Shikamoo mwalimu."

Asmahani alisita. Mtoto wa kike wa mji kama Tabora hamgusi mwanamume njiani hivi hivi, na nusu ya Chemchem ilikuwa pale. Akauvuta upindo wa mtandio wake, akaufunika mgongo wa mkono, akauweka kwenye paji la uso la Twalibu. Mkono ukakawia. Marahaba ikakawia.

"Umemeza nini?"

"Panadoli mbili jana usiku. Mbili tena baada ya swala ya alfajiri. Na nilikuwa nataka kwenda Urambo."

"Marahaba," Asmahani akasema. "Huyu arudi nyumbani."

Vicheko vikalipuka. Twalibu hakucheka. "Kwa kanuni zenu, anayerudishwa huja kuchukuliwa na mtu wake. Mimi nitachukuliwa na nani?"

"Mgonjwa haleti posa," Asmahani akajibu, mashavu yakimwaka. "Kapime kwanza."

Akaenda zahanati, akakaa kwenye benchi lile lile. Hakukaa sana, akasikia mtu anaketi kwa mbali kidogo, kwa heshima, akimwacha nafasi ya mtu mmoja katikati. Asmahani alikuwa amemwachia Bi Zuwena geti.

"Mgonjwa akipona je?" Twalibu akanong'ona.

"Akipona, mama yake anajua nyumba ya Mzee Abdulatifu ilipo. Baba keshaniuliza mara ngapi huyo muuza asali anangoja nini."

"Na wewe utajibu nini tukija?"

"Njooni kwanza. Hilo ni la kusikilizwa na washenga."

Mlango ukafunguliwa. Nesi Veneranda akachungulia, akamtambua Twalibu, akamtambua Asmahani, na uso wake ukakumbuka. Akamwingiza mgonjwa ndani, mwenzake akafuata mpaka mlangoni.

"Haya, baba. Kuna dawa yoyote umekwisha meza?"

Twalibu alikuwa anatetemeka kwa baridi ya homa, meno yanagongana, neno halitoki.

"Panadoli mbili jana usiku, mbili alfajiri," Asmahani akasema kutoka mlangoni. "Zaidi ya hizo hakuna."

Nesi akamgeukia. "Wewe dada, mara ile uliapa hivi hivi. Leo una hakika?"

Asmahani akaingia ndani, akasimama upande wa kiti cha Twalibu.

"Nina hakika, sista. Huyu namsemea."